Simulesheni za mtihani wa CPA wa Marekani: muda unaliwa wapi hasa

Swali ninaloulizwa sana na wenzangu tunaosomea CPA, yaani leseni ya uhasibu ya huku Marekani, sio la konsolidesheni wala la kodi, ni hili tu: hizi simulesheni mnazimalizaje ndani ya muda? Mtu anakwambia mada anazijua, maswali ya kuchagua anayapiga vizuri tu, ila akifika simulesheni ya nne hivi anakuta imebaki nusu saa na zipo tatu hajazigusa kabisa. Nimelijibu vipande vipande kwenye WhatsApp mpaka nimechoka, kwahiyo naliweka lote hapa, ukiulizwa na mwenzio mtumie linki yaishe.

Kwa wale wa nyumbani wanaochungulia tu, mtihani wenyewe uko hivi. Pepa ni nne. Tatu ni za lazima, AUD ambayo ni ukaguzi, FAR ambayo ni taarifa za fedha, na REG ambayo ni kodi na sheria za biashara, halafu ya nne unachagua mwenyewe kati ya BAR (uchambuzi wa biashara na taarifa za fedha), ISC (mifumo ya taarifa na udhibiti wake) na TCP (kodi na kuipangilia). Mpangilio huu ulianza Januari 2024, zamani ilikuwepo pepa inaitwa BEC yenye insha za kuandika, hiyo imeshaondoka. Kila pepa ni saa nne. Ndani ya hizo saa nne kuna mafungu matano wanayaita testleti, mawili ya kwanza ni maswali ya kuchagua na matatu ya mwisho ni simulesheni tupu. FAR ina maswali ya kuchagua 50 na simulesheni 7, AUD ina 78 na 7, REG ina 72 na 8. Simulesheni zinabeba nusu ya maksi kwenye pepa zote isipokuwa ISC, huko zinabeba asilimia 40. Ukishaifunga testleti imeenda, hurudi tena. Na ile 75 ya kufaulu sio asilimia, ni alama ya kwenye kipimo chao cha 0 mpaka 99, kwahiyo usikae unahesabu nimepata mangapi nimekosa mangapi, haikusaidii kitu.

Simulesheni yenyewe ni nini? Ni swali moja kubwa linalokuja na mafaili yake. Kuna vielelezo, yaani mkataba, barua pepe, ankara, urari, kumbukumbu za kikao, wakati mwingine vinne wakati mwingine saba, halafu kuna jedwali lenye visanduku ambavyo unajaza namba au unachagua jibu kwenye orodha. Hapo ndipo watu wanapotea.

Sasa mimi nina msimamo wangu na najua wapo watakaobisha. Watu wengi wanadhani muda wao unaliwa na hesabu. Hesabu za mtihani huu ni za kawaida sana jamani, kuzidisha, kugawanya, riba, basi, na spredishiti unayo hapohapo kwenye skrini. Muda wetu sisi tuliosoma nyumbani unaliwa na mazoea. Tumekulia kwenye kuonyesha njia. Sekondari unaonyesha njia, chuo unaonyesha njia, ukija kwenye mitihani ya uhasibu ya NBAA ya Tanzania au KASNEB ya Kenya unaandika hesabu ya pembeni namba moja, ya pili, ya tatu, unapiga mstari kwa rula, unaweka kichwa cha habari, tarehe, jina la kampuni, kwa sababu anayesahihisha ni binadamu na akiona jibu limekosea lakini njia iko sawa anakuachia maksi zako mbili tatu. Hiyo ni akili nzuri kwa mtihani ule. Mtu anayepita NBAA anapita kwa hizo maksi za njia, tusidanganyane.

Huku simulesheni inasahihishwa na kompyuta. Kompyuta inaangalia kilichomo kwenye kisanduku, mwisho. Ile spredishiti uliyoipanga vizuri ukaweka na rangi hakuna anayeifungua. Kile kibao cha plastiki na kalamu unachopewa pale Prometric, yaani kituo cha mtihani, unakirudisha unapotoka na hakuna anayekisoma. Sasa mtu anakaa dakika tano anatengeneza jedwali zuri la riba la miaka mitano wakati swali limeuliza riba ya mwaka wa kwanza tu! Mkono wenyewe ndio unafanya hivyo, umezoea. Na hata ukimwambia aache anaona kama anadanganya, kama vile jibu bila njia ni la wizi.

Upande wa pili wa hiyo habari ni mzuri lakini hautumiki. Kila kisanduku kinajitegemea. Simulesheni ina visanduku kumi, umejaza sita sawasawa na vinne umekosea, maksi za vile sita ni zako. Sio yote au hamna. Ila kisanduku kitupu ni sifuri ya uhakika, wakati cha kubahatisha hakikatwi maksi. Kwahiyo kipimo cha kazi yako sio simulesheni, ni kisanduku. Ukilishika hilo mambo mengine yote nitakayoyasema yanatoka hapo, maana mtu anayewaza simulesheni nzima anang'ang'ana na kisanduku kimoja kigumu kwa dakika kumi ili "aimalize", na huku mbele kuna vingine vinane vyepesi vinamsubiri ambavyo hatavifikia. Kama ulizoea ACCA, ule mtihani wa uhasibu wa Uingereza, ambako maksi zimeandikwa pembeni ya swali na unapiga dakika 1.8 kwa kila maksi, huku hiyo haipo, hawakuambii hii simulesheni ina maksi ngapi. Na mengine kati ya hayo maswali ni ya majaribio tu, hayahesabiwi kabisa, na hujui ni yapi. Fikiria umekomaa dakika arobaini na kitu ambacho hakihesabiwi.

Tuje kwenye saa. Saa ya mtihani inarudi nyuma, inaonyesha muda uliobaki, kwahiyo panga mipango yako kwa muda uliobaki na sio uliotumika, kichwa kikichoka kutoa namba kwenye 240 ni kazi. Kwa FAR mimi huwa nawapa watu hizi: unaanza na 4:00, ukifunga testleti ya kwanza isomeke 3:25, ukifunga ya pili isomeke 2:50. Hapo maswali yote 50 yameisha kwa dakika 70. Testleti ya tatu ina simulesheni mbili, toka na 2:10. Ya nne ina tatu, toka na 1:05. Ya tano ina mbili, ukizimaliza kwa dakika 45 unabaki na 20 za kurudi kwenye visanduku ulivyobahatisha kwenye hiyo testleti ya mwisho. Ziandike hizo namba nne tano kwenye kile kibao mara tu mtihani unapoanza, kabla hujasoma swali la kwanza. Sekunde ishirini tu hizo.

Kwa AUD ni ngumu zaidi kwa sababu maswali ya kuchagua ni 78, hapo ukienda sekunde 75 kwa swali unafunga testleti mbili na 2:20 na simulesheni ni saba zilezile, dakika 20 kila moja bila akiba. Ndo maana nawaambia watu wa AUD wasiishi kwenye maswali ya kuchagua. Mtu anasoma swali mara tatu, anabadilisha jibu, anarudi kwenye lile la kwanza alilokuwa sawa nalo, dakika nne zimeenda kwa swali moja kati ya 78. Hizo dakika amezitoa kwenye simulesheni, hajazitoa hewani. REG nayo ina simulesheni nane na hakuna ujanja, ni mwendo tu.

Ushauri mwingine unaozunguka sana ni eti "dakika 18 kila simulesheni, ikiisha hamia nyingine". Siupendi. Simulesheni hazilingani. Kuna ya kupanga vitu kwenye makundi inayochukua dakika nane, na kuna ya vielelezo saba inayotaka dakika thelathini. Ukijilazimisha 18 kila moja ile nyepesi unaipaka rangi bure na ile ngumu unaikata ikiwa inaanza kukolea. Pima kwa testleti. Ukiingia kwenye testleti yenye simulesheni tatu fungua zote tatu kwanza, nusu dakika kila moja, ona ina visanduku vingapi na vielelezo vingapi, anza na ile unayoiona rahisi. Ndani ya testleti unaruhusiwa kuruka kwenda na kurudi, kinachozuiwa ni kurudi kwenye testleti uliyofunga.

Haya, ndani ya simulesheni yenyewe sasa. Hapa ndipo pa kukaa.

Usianze na vielelezo. Narudia, usianze na vielelezo. Najua vimepangwa vizuri na mwalimu wa shule alikufundisha usome habari yote kwanza ndo uende kwenye maswali. Kusoma vielelezo saba bila kujua unatafuta nini ni sawa na kuingia Kariakoo hujui umetumwa kununua nini, utarudi umechoka na mikono mitupu. Anza na jedwali la majibu. Soma vichwa vya safu, soma kila kisanduku kinataka nini, kama kuna orodha ya kuchagua ifungue uone machaguo yote. Kwenye yale machaguo wamekupa nusu ya siri tayari.

Nitoe mfano, na huu nimeutunga mwenyewe kabisa, maana kabla ya mtihani unakubali masharti kwamba hutatoa maswali nje na watu wameshaharibikiwa kwa kupost walichokiona, msinitumie inbox kuniomba maswali "ya kweli".

Chukua kampuni ya maji ya chupa imekodi mashine ya kufungasha. Visanduku ni sita: aina ya ukodishaji (unachagua kwenye orodha), deni la ukodishaji siku ya kwanza kabla ya kulipa chochote, thamani ya haki ya kutumia mali, riba ya mwaka wa kwanza, uchakavu wa mwaka wa kwanza, na deni mwisho wa mwaka wa kwanza. Vielelezo ni vinne: mkataba wa kurasa mbili, barua pepe ya mkurugenzi wa fedha, ankara, na jedwali la vigawo vya thamani ya sasa.

Sasa kwa kuwa umeshasoma visanduku unajua unatafuta nini: muda wa mkataba, maisha ya mashine, malipo na yanalipwa mwanzo au mwisho wa mwaka, kiwango cha riba, na gharama za kuanzia. Vitu vitano. Unaingia kwenye mkataba unatafuta hivyo tu: miaka 5, mashine inaishi miaka 6, dola 100,000 kila mwanzo wa mwaka na malipo ya kwanza ni siku ya kusaini. Ile aya ndefu ya bima na mahakama ya jimbo gani itasikiliza kesi unaipita. Kisanduku cha kwanza tayari kimeisha, miaka 5 kati ya 6 ni asilimia 83, imepita ile asilimia 75 ya maisha ya mali inayotumika kupimia, kwahiyo ni ukodishaji wa kifedha. Kijaze hapohapo, usisubiri.

Barua pepe ya mkurugenzi ina salamu, ina habari ya sherehe ya mwisho wa mwaka, ina malalamiko kuhusu fundi, na katikati kabisa anasema benki ingewakopesha kwa asilimia 7 lakini mwenye mashine amewaambia kiwango chake kilichomo ndani ya mkataba ni asilimia 6. Mtego ndo huo. Kiwango cha ndani ya mkataba kikijulikana kinatumika hicho, ile 7 imewekwa kukusumbua. Ankara ina mistari miwili: kamisheni ya dalali 8,000 iliyolipwa kwa sababu mkataba umesainiwa, na wakili 3,000 ambaye angelipwa hata kama mkataba usingesainiwa. Dalali anaingia kwenye mali, wakili anabaki nje.

Kuanzia hapo hesabu ni fupi. Kigawo cha malipo matano ya mwanzo wa mwaka kwa asilimia 6 ni 4.4651, deni ni 446,510. Mali ni hilo deni jumlisha 8,000, yaani 454,510. Siku hiyohiyo unalipa 100,000 deni linabaki 346,510, asilimia 6 yake ni 20,791 ndo riba. Uchakavu 454,510 gawanya kwa 5 ni 90,902. Deni mwisho wa mwaka 346,510 jumlisha 20,791 ni 367,301. Hakuna jedwali la miaka mitano, hakuna kichwa cha habari. Mtu anayejua mada anatoka hapo kwa dakika 13 au 14, na zile zilizobaki anazihamishia kwenye simulesheni inayofuata ambayo haina huruma.

Halafu angalia hivyo visanduku vinavyoshikana. Cha deni kinalisha karibu vyote vinavyofuata. Mtu akikwama kwenye kiwango cha riba, 6 au 7, anaganda pale. Usigande bana. Chagua moja, endelea mpaka mwisho, jaza vyote. Na kama hesabu unazifanya kwenye spredishiti weka kiwango kwenye seli yake peke yake na formula zote zikiite hicho, ukija kubadili mawazo unabadilisha namba moja na zote zinajirekebisha, kilichobaki ni kunakili upya kwenye visanduku. Hii ndo sababu nasema spredishiti na sio kalkuleta kwa kitu chochote chenye hatua zaidi ya mbili. Kalkuleta haikumbuki, ukikosea katikati unaanza upya.

Kuna jambo la lugha pia ambalo vitabu vya kujifunzia vya huku haviligusi kwa sababu vimeandikiwa watu waliozaliwa na Kiingereza. Sisi kwa wengi wetu Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu, tunakisoma vizuri lakini taratibu kidogo, na zile barua pepe zimeandikwa kiofisi cha Kimarekani, maneno mengi ya kuzunguka. Nilichokiona kinasaidia ni kukamata kwanza tarehe, namba na majina kabla ya sentensi. Tarehe hasa. Barua pepe mbili zinazungumzia kitu kimoja, ya Desemba inasema hivi na ya Januari inasema tofauti, hapo kitu cha kwanza ni nani amesema baadaye na je tukio lenyewe lilikuwepo kabla ya mwisho wa mwaka wa fedha au limezuka baada. Kwenye FAR na AUD hilo peke yake linajibu visanduku vingi. Usitafsiri kichwani. Ukijikuta unatafsiri ujue unasoma aya ambayo pengine huihitaji.

Za REG zina tabia yake, wanakupa fomu ya mshahara W-2, fomu za 1099 za mapato mengine yasiyo mshahara na maelezo ya familia, na unajaza mistari ya ritani ya kodi. Hapo uzoefu wa kufanya kazi msimu wa kodi unasaidia kuliko kitabu, sina la zaidi.

AUD ndo kuna zile za kupitia waraka, zilianza kuingizwa mwaka 2016. Unapewa barua au memo imeshaandikwa, maneno kadhaa yamepigwa rangi, ukibofya kila moja unapata machaguo: acha ilivyo, futa, au weka sentensi nyingine kati ya hizi. Watu wanaziogopa kwa sababu zinaonekana ndefu, mimi naziona ndio mahali pa kupatia muda kama una mpango. Usiisome memo nzima kama gazeti. Bofya la kwanza, soma machaguo, angalia yanatofautiana kwa nini. Kama yanatofautiana kwa kiasi, kuna namba kwenye kielelezo fulani, nenda kaitafute. Kama yanatofautiana kwa tarehe au kwa jina la aliyeidhinisha, umeshajua unafungua faili gani. Unaenda unarudi, unaenda unarudi, kila safari ina shughuli yake. Na "acha ilivyo" ni jibu halali kabisa! Kuna watu wana imani kwamba kama kimepigwa rangi lazima kina kosa, wanakitafutia kosa dakika tano.

Zile za debiti na krediti ziko wazi, cha kukumbuka tu ni kwamba akaunti unazichagua kwenye orodha, na lipo chaguo la kusema hakuna kinachohitaji kuingizwa. Likumbuke hilo.

Wakati gani unaacha kisanduku? Kipimo changu ni hiki: kama ndani ya dakika mbili tatu sijui ni kielelezo gani kina jibu, naweka kitu chochote chenye akili na naondoka. Kutojua wapi pa kutafuta ni tofauti na kuwa katikati ya hesabu. Ukiwa katikati ya hesabu malizia, ukikata hapo utakaporudi utaanza upya na utalipa mara mbili. Lakini kama unazunguka kwenye vielelezo unasoma kilekile mara ya tatu, ondoka. Andika kwenye kibao namba ya simulesheni na kisanduku, kwa mfano "2, safu ya tatu", ili ukipata dakika za kurudi usianze kutafuta ulikokwama.

Kuna dada mmoja kwenye kundi letu ana utaratibu ambao nimeuiba: kabla ya kufunga testleti anapita visanduku vyote kwa macho tu, hasomi, anatafuta kitupu. Dakika moja. Kama ni cha orodha anachagua lolote, kama ni cha namba anaweka makadirio. Anasema ameshawahi kukuta simulesheni ina sehemu ya pili chini kabisa ambayo hakuwa ameishusha skrini akaiona. Shusha skrini jamani.

Mapumziko. Baada ya testleti ya tatu unapewa dakika 15 ambazo saa inasimama. Chukua. Wapo wanaojifanya majasiri wanaruka, sioni wanachopata, saa imesimama ndugu yangu, unapewa dakika za bure unazikataa? Nenda chooni, kunywa maji, kula kitu chepesi, sio sahani ya wali maharage uliyobeba kutoka nyumbani ukaja kusinzia kwenye testleti ya nne. Mapumziko mengine baada ya testleti nyingine unaruhusiwa lakini saa inaendelea kutembea, na ukitoka na kurudi kuna kukaguliwa upya mifuko na vitambulisho, hiyo safari sio ya dakika mbili. Kwahiyo kunywa chai kwa hesabu asubuhi.

Kuhusu mazoezi, watu wanafanya simulesheni moja moja jioni wakiwa kwenye kochi, wanasimamisha saa wakikwama, wanaangalia jibu, wanasema ahaa. Hiyo inakufundisha mada, haikufundishi muda. Muda unafundishwa na kukaa na tatu mfululizo kwa saa moja na dakika tano bila kusimamisha, hata kama ya tatu utaijaza ovyo, maana hicho ndicho kitakachotokea kwenye testleti ya nne ya FAR. Ukimaliza, kabla hujaangalia ulichokosa, andika kila simulesheni imekula dakika ngapi na zimeishia wapi: kusoma, kutafuta, kuhesabu, au kuganda. Fanya hivyo jumamosi chache utaona muundo wako. Wengi wanaoniambia "hesabu ndio zinanichelewesha" wakiandika hivyo wanakuta kutafuta na kuganda ndo kunakula nusu.

Na fanya mazoezi kwenye skrini yenyewe. AICPA, chama cha wahasibu wa Marekani wanaotunga mtihani, wana mitihani ya mfano ya bure kwenye tovuti yao, inafanana na utakachokiona siku hiyo, vielelezo vinavyofunguka kwa madirisha, spredishiti, kalkuleta, kila kitu. Ile spredishiti sio Eksel uliyozoea kazini, imefanana nayo tu, njia za mkato za kibodi ulizozizoea usizitegemee mpaka umezijaribu. Panga madirisha: kielelezo kushoto, jedwali la majibu kulia, spredishiti chini. Amua hilo nyumbani. Siku ya mtihani usianze kuburuta madirisha kama unapanga fenicha. Na kama ulisoma kwa vifaa vya kabla ya 2024 kuna yale maswali ya kwenda kutafuta kifungu kwenye vitabu vya viwango, hayo yalishaondolewa, sasa vifungu vinavyohitajika wanakuwekea kama kielelezo, kwahiyo usipoteze wikiendi kuyafanyia mazoezi.

Wale wawili mnaofanya ISC mlioniuliza jana, saa yenu ni tofauti na ya FAR, msiinakili ile ya juu. Mna maswali ya kuchagua 82 na yana asilimia 60 ya maksi, hapo sasa yanastahili muda. Yagaweni dakika 50 kila testleti, mnafunga ya pili na 2:20. Testleti ya tatu yenu ina simulesheni moja tu, toka na 2:00, nenda mapumziko. Ya nne ina tatu, toka na 0:55, ya tano ina mbili na hapo mnabaki na robo saa. Za kwenu zina maneno mengi na hesabu chache, ripoti za SOC (za udhibiti wa ndani wa kampuni zinazotoa huduma kwa kampuni nyingine) na udhibiti wa mifumo, kwahiyo ile ya kusoma machaguo kabla ya waraka kwenu ndo kila kitu. Maswali ya TCP naomba mumuulize mtu mwingine, mimi nilichagua BAR.